Ngazi Kumi na Nane

Ngazi ni kumi na nane,
zimejengwa zibanane,
wawili wasipishane,
za nyumba ya Mkomani.

Nimezipanda ujana,
na ndoo zikigongana,
kuzihesabu hapana,
vumbi jeupe usoni.

Punda wake Bwana Lali,
amebeba matofali,
tulikutana mahali
pembamba, kule Langoni.

Hakuna wa kusogea,
mimi nikamngojea,
kwato ikatelezea,
tukalala wote chini.

Nikasikia mlio,
kijiti cha ufagio,
mfupi, bila kilio,
ulotoka muundini.

Wa kwanza kuinuliwa
ni punda, akafutiwa
kiguu, akaliliwa,
mimi ningali jiweni.

Famau kaleta mbono,
kakunja yake mikono,
nikauma yangu meno,
nikamwambia: Acheni!

Binti yangu Mwanakheri
akasema: Tahadhari!
Mbao mbili zi tayari,
na leso, toka pajani.

Tabibu kanionyesha
picha, mwanga kaiwasha;
kuta ukanikumbusha
ufa ule mfupani.

Nyufa nazijua mimi,
huziba kwa siku kumi;
huu, hauzibwi nami,
hujiziba humo ndani.

Wiki kumi na piopi,
mwasho usojua wapi,
nikune kwa kitu kipi?
Njiti sikutia ndani.

Piopi ikakatika,
mguu umenyauka,
mfupa umeungika,
kumbe kesi i gotini.

Goti likawa bawaba,
kutu imeshaishiba;
kuchutama ni msiba,
kusujudu, ni kitini.

Kiti changu, mwisho kule,
kwenye wazee wa kale;
wenzangu wa safu mbele
paji lao mkekani.

Msichana wa viungo
kanipokonya magongo,
kasema, si kwa maringo:
Haya, twendeni ngazini.

Kupanda, mzima mbele,
mbovu ufuate pole;
kushuka, geuza yale,
mkono u ukutani.

Taulo chini ya goti,
kandamiza kwa wakati,
kumi, kwa kubwa sauti,
nyama zikaze pajani.

Likivimba, ni barafu
ya samaki, na harufu,
katika kanga dhaifu,
robo saa, kitandani.

Kasema, nami sigombi:
acha halua na tambi,
kilo moja ya kitambi
huwa nne magotini.

Nauliza: Likiuma?
— Likiuma na kukoma
kwa jioni, ndiyo njema;
likikesha, nambieni.

Leo ni miezi tisa,
lakunja, sijalitesa;
mvua inapogusa
lalalama usikuni.

Juzi, penye kichochoro,
punda yule, na kasoro,
achechemea kwa kero,
tukakutana machoni.

Nilijibana ukuta,
naye pole akapita;
hakuna aliyejuta
wala wa kudai deni.

Nikafika ngazi zile,
naanza: mzima mbele,
mbovu hufuata pole;
ya tisa, nakaa chini.

Mwanakheri kashituka:
— Baba, je, umeanguka?
— La, goti lapumzika,
chai iwekwe mezani.